Dakika Kumi na Nne

Nilijifunza drafti kwa baba, pale Nyamiaga, kwa vizibo vya soda. Baba alikuwa fundi baiskeli mwenye watoto watano wa kike, na mchana wa mvua, wateja wakikosekana, aliniita mimi wa tatu kwa sababu nilijua kukaa kimya. Ubao aliuchora kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Vizibo vilivyolala kifudifudi vilikuwa vyake, vilivyolala chali vilikuwa vyangu, na kete ikifika mwisho ikawa kingi, tuliipandishia kizibo cha pili juu. Hakuniachia nishinde hata siku moja. Nilipomfunga mara ya kwanza nilikuwa darasa la sita. Aliuangalia ubao kwa muda mrefu, halafu akaniambia niende nikachote maji.

Baada ya hapo sikucheza tena kwa miaka mingi. Mwanamke hakai kijiweni. Hakuna aliyenikataza, ila hakuna aliyewahi kunisogezea kigoda pia. Nikasoma, nikawa muuguzi, nikaolewa na mwalimu, nikapangiwa zahanati huku Mugoma, karibu na mpaka wa Burundi. Kila nilipopita sokoni nikawakuta wanaume wameinamia ubao, nilipunguza mwendo nione kete zimekaaje. Mara nyingine niliona kosa, mtu anaacha kuila kingi ya mwenzake hivi hivi, na kosa lile likanifuata mpaka nyumbani.

Simu ndiyo iliyonirudisha. Nilipakua drafti, nikacheza na mashine, kisha na watu nisiowajua, na mmoja wao akanialika kwenye kundi. Lilikuwa kundi la wachezaji wa Ngara na Biharamulo, na kila Jumapili alasiri walifanya shindano la mtoano, kila mtu akiwa kwake na simu yake. Nilijiunga kwa herufi mbili za jina langu na picha ya mgomba. Wakaniita kaka. Sikuwasahihisha. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni nilikuwa nimekaa kwenye ubao na mtu anawaza namna ya kunifunga, na sikutaka kitu chochote kiharibu hilo.

Mwenyekiti wa kundi, ambaye pia ndiye aliyelianzisha, alikuwa anauza vipuri vya pikipiki Biharamulo mjini. Alipanga nani acheze na nani, akaandika matokeo, akasuluhisha ugomvi, yote kwa kujitolea. Mshindi alipewa kitu kimoja tu: picha yake iliwekwa kuwa picha ya kundi kwa wiki nzima. Watu wazima waliigombania picha ile kama watoto wanavyogombania ukoko.

Nilipokuwa nimekaa miezi kadhaa, mwenyekiti alinipigia kuniomba niwe refa. Aliposikia sauti yangu alicheka.

"Kumbe ni dada."

"Ndiyo."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi tuache hivyo hivyo, dada yangu. Wakijua watakusumbua. Mimi nitakulinda."

Nilimshukuru. Sikujiuliza ananilinda na nini, wala atataka nini siku moja kwa ulinzi huo.

Tukawa marefa watatu: yeye, mwalimu mmoja wa sekondari wa Rulenge, na mimi. Tulipokezana Jumapili. Refa aliruhusiwa kucheza pia, maana tungejitoa sote tungepungua. Mwenyekiti alicheza karibu kila wiki, hata wiki alizosimamia mwenyewe, na ubishi ukitokea kwenye mchezo wake aliuamua mwenyewe. Niliona. Nilijiambia kundi ni lake, na kwamba kazi ya bure haina wa kuikagua.

Sheria iliyotusumbua kuliko zote ilikuwa ya muda. Mtandao wa huku kila mtu anaujua. Kwangu Mugoma, nikikaa barazani simu inakamata mnara wa Burundi na saa inarudi nyuma saa nzima. Nikihamia nyuma ya jiko inarudi Tanzania. Wengine mtandao hawaupati kabisa mpaka wapande mahali. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba mchezaji akipotea mchezoni kwa dakika tano, amepoteza. Programu yenyewe iliandika muda wa kila kete iliyosukumwa, na refa alikuwa anauona.

Mwanakundi mmoja alikuwa mkulima na mfugaji wa upande wa Biharamulo, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wao. Alikuwa mtu mzima, ameshapata wajukuu. Aliandika kama anavyosema: "Refa, nalipoti, niko tayali." Alicheza polepole, hakupenda kula haraka, alikusogezea kete moja moja mpaka ukajikuta huna pa kwenda. Nilimpenda kwa uchezaji wake. Ulinikumbusha wa baba.

Jumapili moja nilikuwa zamu. Mzee huyu alikuwa anaongoza vizuri dhidi ya kijana wa Ngara mjini, mara akapotea. Dakika ya tatu, ya nne, ya tano. Dakika ya sita akarudi. Aliandika kwamba mtandao anaupata juu ya kichuguu tu, na akiwa huko juu aliona ng'ombe wake wameingia shamba la mahindi la jirani, ikabidi ashuke awatoe.

Nilimwonea huruma. Lakini nilimwandikia mbele ya kundi zima: "Samahani mzee, ni dakika sita. Umepoteza."

Akajibu: "Sheria ni sheria. Asante refa."

Jioni ile nilijisikia vizuri. Nilimsimulia mume wangu jinsi nilivyoamua bila kumwangalia mtu usoni. Aliniambia nimefanya vyema, akaendelea kusahihisha madaftari yake.

Wiki tatu baadaye nilikuwa zamu tena, na fainali iliwakutanisha mzee yule na mwenyekiti. Niliifuatilia nikiwa nyuma ya jiko, maharage yako motoni. Ulikuwa mchezo wa kupendeza. Mzee alimbana taratibu mpaka akapata kingi, akabaki na kete nne pembeni yake. Mwenyekiti alikuwa na kete tatu zilizotawanyika. Nilihesabu: hatua tano, sita hivi, kazi imeisha.

Mwenyekiti akapotea.

Dakika ya nne ikaingia ujumbe kwangu peke yangu, kwa namba yake nyingine. "Dada, simu imezima chaji. Nivumilie kidogo narudi."

Dakika ya tano ikapita. Kidole changu kilikuwa juu ya neno la kumaliza mchezo. Sikulibonyeza. Nilijiambia nampa moja zaidi, kisha nikajiambia nampa moja nyingine. Maharage yakaanza kuungua, nikayaongezea maji bila kuyaangalia. Nilichokuwa nawaza hakikuwa chaji. Nilikuwa nawaza "mimi nitakulinda". Nilikuwa nawaza kwamba mtu huyu analijua jambo langu moja, na kwamba ameandika neno dada.

Alirudi dakika ya kumi na nne. Akatoa kete mbili sadaka, moja baada ya nyingine, mzee akalazimika kuzila, na ile ya tatu ikapita mpaka mwisho ikawa kingi, ikakaa kwenye mstari mrefu wa kona hadi kona. Ukiwa na kingi kwenye mstari ule hufungwi kirahisi. Ikawa sare. Sijawahi kumwona mwenyekiti akicheza namna ile kabla, wala baada. Kama simu nyingine ilimsaidia, mashine ikamwonyesha njia, mimi siwezi kusema. Sikuwepo dukani kwake. Ninachojua ni zile dakika.

Kwa kuwa ilikuwa sare walirudia. Mzee alicheza mchezo wa pili kwa haraka, jambo ambalo si kawaida yake, akafungwa. Halafu akaandika kwenye kundi:

"Naomba kuuliza tu, refa. Mimi nilipewa dakika tano. Mwenyekiti amepewa ngapi?"

Niliona wanaosoma wanaongezeka. Mwalimu wa Rulenge alikuwepo, alisoma, hakusema. Nami nikaandika maneno ambayo hakuna aliyenituma niyaandike:

"Uamuzi wa refa ni wa mwisho."

Haikupita dakika, mwenyekiti akamwondoa mzee kwenye kundi. Akaweka picha yake mwenyewe, amesimama dukani kati ya matairi, kuwa picha ya wiki.

Sikulala mapema wala sikula vizuri wiki ile. Asubuhi za kliniki ya watoto nilipima uzito, nikaandika kwenye kadi, kisha nikamrudisha mama na mtoto wake kwenye mizani kwa sababu sikuwa na hakika nimeandika nini. Nilitembea. Nilikwenda kisimani bila ndoo. Nikikaa barazani nainuka, nikiingia ndani natoka. Mume wangu alivumilia mpaka Alhamisi.

"Una nini? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Nikamwambia yote. Alisikiliza, kalamu nyekundu mkononi.

"Lakini mama watoto, huo si mchezo tu?"

"Ni mchezo tu."

"Sasa?"

"Kama ni mchezo tu, mbona nilishindwa kumwambia ukweli? Ingekuwa kitu kikubwa ningesema niliogopa."

Aliifunika kalamu. Alisema labda nimpigie mzee simu, nimwombe radhi, nitulie. Namba yake nilikuwa nayo kwenye orodha ya wachezaji. Ilinichukua siku nyingine mbili. Jumamosi, baada ya zamu, nilisimama nyuma ya jengo la zahanati nikapiga.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni refa. Wa drafti."

Nikasikia ng'ombe, na upepo.

"Mpe simu mwenyewe, mama."

"Mwenyewe ndiye mimi, mzee."

Nilitazama simu kama bado tumeunganishwa.

"Wewe ndiye uliyenihukumu dakika sita."

"Ndiyo."

"Haya. Na siku ile ya mwenyekiti, saa uliiona?"

"Niliiona."

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Mimi nilihesabu kumi na tatu," alisema. "Basi nilikosea moja."

Hakuwa na hasira, na hilo lilinisumbua kuliko kama angekuwa nayo. Nikamwambia nimepiga kumwomba radhi, kwamba nilijua na nikanyamaza, na kwamba yale maneno niliyoandika yalikuwa ya kijeuri.

"Sawa, mama. Nimekusamehe mimi. Lakini wewe ulinijibu mbele ya watu. Watoto wangu wawili wamo mle kundini. Mkwe wangu yumo. Wanajua baba yao ni mlalamishi." Kisha akasema ng'ombe wanasogea, akakata.

Nilikuwa nimepiga ili nitulie, na sasa hata pale niliposimama palikuwa hapakaliki. Nilirudi ndani, nikafunga madirisha ya chumba cha sindano, nikayafungua, nikayafunga tena.

Kesho yake, kabla shindano halijaanza, nilifungua rekodi ya fainali ile na kuipiga picha, muda wa kila kete ukionekana. Nikaituma kwenye kundi. Nikaandika chini yake kwamba mimi ndiye niliyekuwa refa, kwamba mwenyekiti alipotea dakika kumi na nne, kwamba kwa sheria alikuwa amepoteza dakika ya tano, kwamba mzee alikuwa na haki ya kuuliza na mimi nilimjibu vibaya nikijua ana haki. Niliandika pia kwamba mshindi wa siku ile ni mzee. Sikuandika kwa nini nilifanya hivyo. Hapo nilijihurumia kidogo.

Mwenyekiti alijibu haraka. Alisema simu yangu ya Mugoma inasoma saa ya Burundi, kwa hiyo muda wangu hauaminiki. Nikamjibu kwamba saa ya Burundi inapishana na yetu kwa saa moja kamili, si kwa dakika tisa zilizozidi. Mtu mmoja akaweka uso wa kucheka, akaufuta.

Ndipo akaandika: "Ndugu wanakundi, huyu refa anayewafundisha ukweli si kaka. Ni mama wa watu, muuguzi. Amewadanganya tangu siku ya kwanza. Muulizeni yeye kwanza."

Niliisoma nikiwa nimesimama katikati ya uwanja wa nyumba, chini ya kamba ya nguo. Kitu kilichoniuma ni kwamba hakuwa amesema uongo. Miezi yote ile watu walinieleza mambo yao kama mwanamume mwenzao, wakanitania, na mimi niliwaacha. Nilikuwa nadai uwazi huku mimi mwenyewe nimejificha nyuma ya mgomba.

Nikaandika: "Ni kweli. Mimi ni mwanamke. Niliwaacha mniite kaka kwa sababu nilitaka kucheza. Naomba radhi kwa hilo pia. Dakika bado ni kumi na nne."

Majibu yalikuja ya kila aina. Mmoja aliandika "shikamoo mama", sikujua kama ni heshima au dhihaka. Mwingine alisema ndiyo maana maamuzi yalikuwa ya kigeugeu. Kijana wa Ngara mjini, yule aliyepewa ushindi kwa dakika sita za mzee, alisema kama ni hivyo na yeye hautaki ule ushindi wake. Nikamwambia wa kwake ulikuwa halali. Mwenyekiti akaniondoa urefa. Kundini hakuniondoa, nadhani aliona watu wengi mno wanatazama.

Alinipigia jioni. Sauti yake haikuwa ya kugomba.

"Dada, ungeniambia mimi kwanza."

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Tungeelewana."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Alihema. Akasema nisione amekaa na kundi lile miaka yote kwa raha, kwamba anaacha wateja wamesimama ili apange majina, kwamba hakuna aliyewahi kumwambia asante, na kwamba mara moja tu, mara moja, alitaka kuona picha yake pale. Nilimwamini. Nilitamani nisimwamini, ingekuwa rahisi zaidi. Nikamwambia asante kwa kazi yake yote, kwa sababu ni kweli hatukuwahi kusema. Tukaagana vibaya kidogo, kama watu wanaojua watakutana tena.

Mwalimu wa Rulenge ndiye aliyezungumza mwisho, siku mbili baadaye. Alikiri kwamba naye aliona siku ile na akakaa kimya. Akapendekeza refa asicheze shindano analolisimamia, na mtu akilalamikia uamuzi, refa mwingine auangalie. Walipiga kura, ikapita. Mwenyekiti mwenyewe aliunga mkono, bila maelezo. Picha yake ikatolewa, ikawekwa ya ubao mtupu, maana mzee hakutuma yake. Walimrudisha kundini. Aliandika "Asanteni", akacheza Jumapili mbili, kisha akajitoa mwenyewe. Nilimpigia nikamuuliza kama bado ana kinyongo. Akasema hana, ila wakwe zake wamemchongea ubao wa mninga na sasa jirani wa lile shamba la mahindi anakuja kucheza naye, na hapo hakuna haja ya kupanda kichuguu.

Mimi nacheza bado, kwa jina langu na picha yangu, nimevaa sare ya kazi. Wako wanaojitoa wakiniona upande wa pili. Wako wanaonipania mpaka wanakosea. Nashinda kiasi na nafungwa kiasi.

Mwezi uliopita mwalimu wa Rulenge alinipigia. Alisema mwenyekiti amebanwa na duka, marefa wamebaki wachache, na watu kadhaa wamenitaja. Aliuliza kama naweza kurudi zamu, hata Jumapili moja kwa mwezi.

"Nipe siku chache, mwalimu," nilimwambia.

Siku chache zimekuwa wiki. Nikiwa kliniki najisemea nitakubali, kwa sababu sasa najua mahali ninapoyumba, na huenda kulijua hilo kunatosha. Nikifika nyumbani najiuliza itakuwaje siku atakayepotea mchezoni akiwa mtu anayenidai fadhila, au ninayemwogopa, au ninayempenda tu. Jana mume wangu aliniuliza nimeamua nini. Nilikuwa nachambua mchele. Nilimwambia bado, nikaendelea kuchambua, na nilipomaliza nikagundua nimeurudisha wote kwenye ungo ule ule, naanza upya.